Betri ya Gari la Chama: Kuichagua, Kuibadilisha na Kuitunzia Hesabu

Miongoni mwa hati za malipo zinazoletwa mbele ya mkaguzi kila mwisho wa msimu, ni nadra kuikosa ile iliyoandikwa "betri mpya ya gari". Stakabadhi ya dukani huwa imeambatishwa, sahihi za mwenyekiti na katibu zipo, na fedha zimeingizwa katika daftari kama itakiwavyo. Kwa hesabu za karatasi hapana la kuuliza. Lakini maswali yanayowahusu hasa wanachama hayamo katika karatasi hizo. Je, betri iliyotolewa ilikuwa imekufa kweli? Iliyonunuliwa ndiyo iliyolifaa gari lile? Na ile ya zamani iko wapi? Makala haya yamekusudiwa kuwawezesha makatibu na wanachama kuyauliza maswali hayo na kuyapima majibu ya dereva, ya fundi na ya mwenye duka, pasipo wao wenyewe kuwa mafundi.

Jambo lenyewe si dogo. Lori likigoma kuwaka alfajiri ya siku ya kusomba pamba, mafurushi hubaki kituoni na mvua juu ya vichwa vya watu, na chama hulazimika kukodi gari la mtu kwa bei aitakayo yeye. Hasara ya siku moja ya namna hiyo yaweza kuizidi bei ya betri. Kwa upande wa pili, chama kinachonunua betri kila dereva anaponung'unika hutumia fedha za wanachama kumtibu mgonjwa asiyeumwa.

Yafaa kwanza kuelewa betri ni kitu gani. Wengi huidhania kuwa ni kama pipa ambalo umeme humiminwa ndani na kuchotwa. Sivyo. Ndani ya sanduku lile mna sahani nyingi za risasi zilizopangwa kwa zamu, zikiwa zimezama katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, asidi huingia katika sahani na kuzifunika kwa chumvi ya risasi, na maji yanayobaki huwa mepesi. Gari linapotembea, alternata huirudishia betri umeme. Chumvi ile huyeyuka, na asidi hurudi majini. Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyeibuni betri ya namna hii mwaka 1859, na ijapokuwa maboma yamebadilika kutoka mbao na mpira hadi plastiki, kazi ya ndani ni ile ile. Kila chumba kimoja hutoa volti 2 na kidogo. Vyumba sita vikiunganishwa hupatikana betri ya volti 12.

Katika maelezo hayo mafupi umo ugonjwa wote wa betri. Ikiachwa muda mrefu bila kujazwa umeme, ile chumvi hugeuka kuwa ngumu kama ukoko wa chungu wala haiyeyuki tena. Ikijazwa umeme kupita kiasi, maji hugeuka hewa na kutoroka, na sahani hubaki wazi zikikauka. Ikitikiswa, unga ulioshikizwa katika sahani hupukutika na kutuama chini hata kuziunganisha sahani zisizotakiwa kugusana. Joto nalo huharakisha yote hayo. Ndiyo maana betri zetu haziishi kama zile za nchi za baridi. Kwa gari la kazi, katika barabara za vumbi na mashimo, betri iliyodumu miaka mitatu imefanya kazi yake vyema.

Kabla ya Kuidhinisha Betri Mpya

Gari kutowaka asubuhi si ushahidi kwamba betri imekufa. Huenda imeisha umeme tu, na betri iliyoisha umeme hutiwa chaji na kurudi kazini. Taa ndogo ya wati 5 ndani ya chumba cha dereva, ikisahauliwa kuzimwa, huimaliza betri ya ampea-saa 70 kwa muda wa juma moja. Taa mbili kubwa za mbele za wati 55 kila moja huimaliza kwa saa saba au nane. Katibu asiulize tu "betri ni nzima?" Aulize pia gari lililala wapi, na kitu gani kiliachwa kikiwaka.

Kisha vitazamwe vichwa vya betri, yaani zile nguzo mbili ambazo nyaya hufungwa. Mara nyingi mno ugonjwa wote umo hapo. Ukiona unga mweupe au wa kijani umejaa, au waya waweza kuzungushwa kwa mkono, vifungo vifunguliwe, visafishwe kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi kidogo, vikwanguliwe mpaka chuma king'ae, kisha vifungwe imara. Vifuniko vya maji viwe vimefungwa wakati wa kazi hiyo, kwa maana magadi yakiingia ndani huiua asidi. Aidha usisahau ncha ya pili ya waya wa hasi, pale unapofungwa kwenye bodi au kwenye injini. Mafundi wengi husafisha ncha ya juu wanayoiona, nayo ya chini ikaendelea kula kutu.

Lipo jaribio ambalo hata mjumbe wa bodi aweza kulisimamia. Washa taa kubwa, kisha dereva ajaribu kuwasha injini. Taa zikififia sana na stata ikazunguka kwa uvivu, betri ni dhaifu au viungo vya nyaya ni vibovu. Taa zikibaki na nuru yake nayo stata isisogee kabisa, betri usiilaumu. Tafuta ubovu katika stata, swichi au nyaya zake. Baada ya jaribio hilo, gusa viungo kwa mkono: kilichopata moto ndicho kinachozuia umeme.

Mita ya volti husema zaidi, na bei yake ni ndogo ukiilinganisha na faida yake. Betri ya volti 12 iliyojazwa na kupumzika saa kadhaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 imebaki na kiasi cha robo tatu, 12.2 nusu, na 12.0 robo. Wakati stata inazunguka isishuke chini ya 9.6 hivi. Kwa betri zenye vifuniko, kipimo cha asidi, kile cha bomba la kioo chenye chelezo ndani, huonyesha hali ya kila chumba peke yake. Vyumba vyote vikilingana hata kama vyote vimeshuka, betri itiwe chaji polepole usiku kucha na kupimwa tena. Chumba kimoja kikiachana na wenzake kwa alama 50 za kipimo au zaidi, kwa mfano wenzake wakisoma 1.250 nacho 1.190, chumba hicho kimekufa na betri nzima imekwenda nacho. Hapo ndipo hati ya kununulia mpya inapofaa kuandikwa.

Bado lakini pana swali moja: ni nini kilichoiua? Katika chama kimoja nilichokikagua zilionekana hati za betri tatu kwa gari moja la pikapu katika muda wa miezi kumi na minne. Halmashauri ilikuwa tayari kumtuhumu dereva kwa wizi. Tulipolifungua boneti tukaona kisanduku cha kubebea betri kimeliwa na asidi, na vyumba vya betri vikiwa vikavu kabisa. Injini ilipowashwa, mita iliyowekwa juu ya vichwa vya betri ilisoma zaidi ya volti 15. Kidhibiti cha alternata kilikuwa kimekufa, na betri zile zilipikwa moja baada ya moja. Bei ya kidhibiti haikufika nusu ya bei ya betri moja. Kumbe stakabadhi zote tatu zilikuwa halali na dereva hakuwa na hatia. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Basi, iwe kanuni: injini ikizunguka kwa mwendo wa kati, mita isome kati ya volti 13.8 na 14.4 kwa gari la volti 12, na kati ya 27.6 na 28.8 kwa lori la volti 24. Magari mapya yenye kompyuta huweza kupanda na kushuka zaidi kidogo, lakini kwa jumla kipimo hicho kinatosha. Ikisoma chini, tazama kwanza mkanda wa feni kama umelegea. Ikisoma juu, kidhibiti kina dosari. Betri mpya isifungwe katika gari ambalo halijapimwa hivyo.

Kuichagua Dukani

Mwenye duka atauliza gari ni la aina gani, naye atatoa betri aliyonayo. Katibu aende na mambo yake yameandikwa: volti, ampea-saa, urefu, upana na kimo cha kisanduku, na upande ambao kichwa cha chanya hukaa. La mwisho hili hupuuzwa, kisha waya hukutwa mfupi, fundi akauvuta kwa nguvu au akauunga kwa kipande cha waya mwembamba, na hapo huanza matatizo mapya.

Ampea-saa hueleza ukubwa wa akiba. Betri iliyoandikwa 70 yaweza kutoa ampea tatu na nusu kwa saa 20. Kwa betri za mtindo wa Kijapani, maandishi kama N70 au N100 hutaja kiasi hicho waziwazi, ndiyo maana madukani watu huitisha "N70" kama jina. Katika maandishi mapya kama 55D23L, nambari ya kwanza ni daraja la nguvu wala si ampea-saa. D ni kipimo cha upana na kimo, 23 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho huonyesha upande wa vichwa. Mwanachama asiyejua hilo hulalamika kwamba ameuziwa betri ndogo ya 55 badala ya 60, na kumbe hakupunjwa.

Betri iliyo kubwa kidogo kuliko ya awali haiidhuru alternata, mradi itoshee na ifungike. Iliyo ndogo ndiyo yenye madhara, hasa kwa injini za dizeli, ambazo huhitaji nguvu nyingi kuzizungusha. Herufi CCA zionekanazo juu ya betri nyingi hueleza ampea inazoweza kutoa kwa nusu dakika katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Sisi baridi hiyo hatuijui hata Njombe, lakini nambari hiyo yafaa kwa kulinganisha betri mbili zenye ukubwa mmoja.

Kuhusu aina, zipo betri za maji zenye vifuniko, na zipo zilizofungwa ambazo wengi huziita betri kavu, ingawa asidi imo ndani vile vile. Zilizofungwa huondoa kazi ya kutia maji, na kwa gari la ofisini zinafaa. Kwa lori la shamba maoni yangu ni kwamba betri yenye vifuniko ingali bora, kwa sababu yaweza kupimwa chumba kwa chumba, na kidhibiti kikiharibika maji yaliyopotea hurudishwa. Masharti yake ni kwamba pawepo mtu aliyetajwa kwa jina wa kuitazama kila juma. Mahali ambapo mtu huyo hayupo, nunueni iliyofungwa.

Tazama tarehe ya kutengenezwa, ambayo huwa imepigwa chapa juu ya boma au kichwani, mara nyingine kwa alama ambayo mwenye duka hana budi kuieleza. Betri iliyotiwa asidi hujipunguza umeme hata ikiwa rafuni, na katika duka lenye bati la moto hujipunguza upesi. Iliyokaa zaidi ya miezi sita bila kutiwa chaji isikubaliwe kwa bei ya mpya. Pimeni volti palepale kaunta. Ikisoma chini ya 12.4, ombeni nyingine. Betri inayouzwa bila asidi hukaa muda mrefu zaidi bila kuharibika, lakini ikishatiwa asidi iachwe nusu saa inywe, ipimwe, kisha itiwe chaji kabla ya kufungwa garini. Asidi ya kujazia itumike mara hiyo moja tu. Baada ya hapo kinachoongezwa ni maji ya betri pekee. Si asidi tena, wala maji ya kisima au ya bomba yenye chumvi zake.

Lipo jambo la siku hizi linalohitaji kutajwa. Vyama vingi vimefunga taa za nguvu za jua maghalani. Betri ya kazi hiyo ina sahani nene chache, nayo huvumilia kutolewa umeme mwingi usiku na kujazwa mchana. Betri ya gari ina sahani nyembamba nyingi, iliyokusudiwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha kujazwa mara moja. Ukiipeleka ya gari ghalani, haitamaliza mwaka. Na ile desturi ya kuazima betri ya lori kuendesha kipaza sauti siku ya mkutano mkuu, tangu asubuhi hadi wajumbe watawanyike, imeua betri nyingi kuliko barabara mbovu.

Lori la volti 24 lina betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, za chapa moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Nzee ikifungwa na mpya, nzee hujaa mapema na kuchemka huku mpya ikibaki na njaa, na haupiti muda zote mbili zimeharibika. Katibu asidhani ametunza fedha kwa kununua moja. Vilevile redio ya dereva isiunganishwe kwenye betri moja kati ya hizo mbili ili kupata volti 12, maana hapo moja hunyonywa na nyingine hujazwa kupita kiasi. Kipo kifaa cha kushusha volti kwa kazi hiyo.

Kuifunga

Kazi yenyewe haizidi nusu saa. Zima injini na ondoa ufunguo. Asiwepo mvutaji sigara karibu, kwa maana betri iliyotoka kupokea umeme hutoa haidrojeni, hewa inayolipuka kwa cheche ndogo. Kazi hii isifanywe mikono mitupu wala macho wazi. Asidi ikiruka jichoni, jicho lioshwe kwa maji mengi safi kwa muda usiopungua robo saa, kisha mtu apelekwe hospitali hata kama anasema amepona.

Fungua kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya. Sababu yake ni kwamba bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi. Spana ikiwa juu ya chanya na kugusa bodi, huku hasi bado imefungwa, cheche yake yaweza kuyeyusha chuma. Wakati wa kufunga, anza na chanya na umalize na hasi. Baadhi ya magari ya kale ya Kiingereza yalikuwa na chanya kwenye bodi, hivyo palipo na gari kongwe tazama kwanza ni waya upi unaokwenda kwenye bodi, na huo ndio utolewe mwanzo. Kichwa cha chanya ni kinene kidogo kuliko cha hasi. Kifungo kisipoingia, usikipige nyundo, bali angalia kama hujakosea upande. Kuzigeuza nyaya huunguza alternata na vifaa vingine kwa sekunde moja.

Betri ibanwe kwa kibano chake cha chuma, si kwa kamba ya mpira wala kwa kabari ya kuni. Vichwa vipakwe grisi au vaselini baada ya kufungwa, si kabla. Ipo pia hila ya madereva ya kuing'oa betri kutoka gari linalounguruma ili kwenda kuwashia jingine. Katika magari ya dainamo ya zamani ilivumilika. Katika gari lenye alternata na kompyuta yaweza kugharimu mara nyingi ya bei ya betri, na bodi ingefanya vema kuipiga marufuku kwa maandishi.

Msimu ukiisha na lori likasimama, waya wa hasi utolewe, na betri ipimwe na kutiwa chaji kila mwezi. Miezi mitatu ya kusahauliwa yatosha kuikausha kwa chumvi, na ndiyo sababu hati nyingi za betri huandikwa katika juma la kwanza la ununuzi.

Daftari na Betri ya Zamani

Siku ya kufungwa, katibu aandike katika daftari la gari tarehe, kilomita, chapa, nambari iliyopigwa kwenye boma na jina la aliyeifunga. Nambari ya chama ichongwe kwenye plastiki kwa ncha ya moto, mahali pasipofika asidi. Betri mpya kutolewa na kubadilishwa na nzee ya gari jingine ni wizi rahisi kuliko wote karakana, na bila alama hiyo hamna la kumwambia mtu. Kadi ya dhamana ikae ofisini katika jalada, isiwekwe kwenye droo ya gari.

Betri iliyotolewa ni mali ya chama. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na risasi ina bei. Ipokelewe ghalani kwa hati, ipimwe kwenye mzani, na ikiuzwa au ikirudishwa dukani kwa punguzo la bei, kiasi hicho kionekane katika hesabu. Mkaguzi akikuta betri mpya nne na za zamani hazionekani ghalani wala katika mapato, atauliza.

Lakini isiuzwe kwa yeyote apitaye na baiskeli. Wapo wanaozivunja betri uani, wakamwaga asidi chini na kuyeyusha risasi juu ya mkaa kutengenezea vizito vya nyavu, watoto wakiwa wamezunguka moto. Moshi na vumbi la risasi huharibu akili za watoto wadogo, na madhara hayo hayana dawa ya kuyarudisha. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sababu ya risasi ya betri kuukuu iliyochanganyika na mchanga wa mitaa yao. Karibu nasi zaidi, katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwadhuru wakazi kwa miaka kadhaa kabla ya kufungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na shauri likaendelea hadi Mahakama ya Juu. Hapa Tanzania takataka za namna hii hukusanywa na wenye kibali cha mamlaka ya mazingira, na stakabadhi ya mnunuzi itaje kibali hicho.

Asipopatikana mnunuzi wa namna hiyo wilayani, betri kuukuu isimwagwe asidi yake. Iwekwe wima juu ya ubao, vifuniko vikiwa vimefungwa, mbali na mbegu, chakula na kisima, katika chumba chenye kufuli, mpaka zitakapokusanyika za vyama kadhaa na kupelekwa mjini kwa safari moja.